Je, saruji ndiyo dawa ya kuta za kale za chokaa?

Wengi pwani huamini kwamba nyumba ya kale ya mawe, iwe Lamu, Mji Mkongwe wa Zanzibar au kwingineko, ikianza kubomoka dawa yake ni lipu ya saruji, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko chokaa.

Ni kweli saruji ni ngumu. Ila kuta hizo ni za mawe ya matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe hayohayo, yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo kwa joto la nyuzi 900 hivi, kisha yakazimwa kwa maji. Ikishapakwa, chokaa hunyonya hewa ukaa na kurudi taratibu kuwa jiwe, huku ikiacha unyevu utoke. Saruji huuziba. Maji na chumvi hubaki ndani, na jiwe huliwa nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Ndiyo maana kufufua matanuri ya zamani ya kuchomea chokaa kuna faida hata kwa fundi wa leo.

Kagua mwenyewe: gonga lipu kwa vifundo vya vidole. Ikilia kama kitu chenye uwazi, imeachana na ukuta. Ilipobanduka, kwangua jiwe kwa msumari uone kama linamomonyoka kuwa unga, kisha linganisha na ukuta jirani ambao bado una chokaa.