Je, baba akimbeba mtoto mchanga atamdhuru?

Wengi tumekua tukisikia kwamba kichanga ni wa mama na bibi. Baba asubiri shingo ikaze. Imani hiyo imetokana na kumhurumia mtoto, na kweli shingo yake huchukua miezi kadhaa kukaza. Ila anayembeba, awe nani, anahitaji kiganja kimoja nyuma ya kichwa na shingo, kingine chini ya makalio.

Malezi ya kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi, yalianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa watoto njiti, na baba naye huyafanya. Avue shati, amlaze mtoto wima kifuani akiwa na nepi na kofia tu, uso ugeukie upande ili pua iwe wazi, kisha wafunikwe khanga. Kifua cha baba nacho hutoa joto. Asichoweza ni kunyonyesha. Kumcheulisha, kumwogesha na kumbadilisha nepi anaweza, na mama akapata usingizi, jambo ninalolithamini kuliko zawadi zote za uzazi.

Ukiwa na shaka, siku ya kliniki mwombe muuguzi akuonyeshe, kisha umbebe mwenyewe mbele yake akusahihishe.