Kungfu si jina la ngumi

Kuna watu bado wanasema "kungfu ya Kijapani". Hiyo ni karate, asili yake Okinawa, tuiache. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata wanaojua tofauti hiyo huamini kungfu maana yake ni mapigano.

Kwa Kichina ni gongfu: umahiri unaopatikana kwa muda na jasho. Basi. Seremala anaweza kuwa nao, na mwandishi wa hati kwa brashi vilevile.

Gong ni kazi iliyozaa matunda. Alama yake ya maandishi imeunganishwa kwa alama ya kazi na ya nguvu. Fu ni mwanamume mtu mzima, na zamani hata kibarua. Neno zima, gongfu, huandikwa pia bila ile alama ya nguvu, hasa likimaanisha muda wenyewe. Ndiyo maana Mchina akikwambia "mei gongfu" hasemi hajui kupigana, anasema hana nafasi. "Xia gongfu" ni kujibidiisha. Mwanafalsafa Zhu Xi (1130–1200) alilitumia kwa kazi ya kuirekebisha nafsi, kusoma na kujichunguza kila siku. Ngumi haimo.

Kule Chaozhou, mashariki mwa jimbo la Guangdong huko China, wana chai iitwayo gongfu cha. Birika dogo la udongo, majani tele ndani, vikombe vya mafunda mawili matatu. Mmiminaji hajazi kimoja ndipo ahamie kingine. Anazungusha birika juu ya vikombe vyote, chai isije ikawa nzito kwa huyu na nyepesi kwa yule. Mzunguko huo huitwa "Guan Gong anakagua mji". Matone ya mwisho, makali kuliko yote, hugawiwa moja moja: "Han Xin anahesabu askari". Majemadari wawili wametajwa, na hakuna aliyepigwa teke.

Mapigano yana jina lake, wushu. Chuo cha taifa kilichoanzishwa Nanjing mwaka 1928 kiliyaita guoshu, sanaa ya taifa. Filamu za Hong Kong za miaka ya 1970, za akina Bruce Lee, ndizo zilizoieneza kungfu ya mateke duniani, zikatufikia nasi kwenye vibanda vya video, na leo Wachina wenyewe hulitumia neno hivyo pia. Kwa hiyo ukisema unajifunza kungfu, hujakosea. Ila Mchina akimsifu bibi yake kwa gongfu ya jikoni, usimuulize ana mkanda wa rangi gani.