Wati-saa, siyo "wati kwa saa"

Jana tena nimemsikia mtu anamshauri mwenzake anayetafuta mota ya umeme ya boti ndogo, anamwambia chukua betri ya wati elfu moja kwa saa inakutosha. Nimelisikia hili mara nyingi mno na huwa nanyamaza, ila leo naandika, maana kuna watu wanaishia katikati ya maji wanapiga kasia kwa sababu ya haka kaneno "kwa".

Maana yake ni fupi. Wati ni kasi ya kula umeme, wati-saa ni umeme wenyewe uliomo ndani ya betri. Mota ya wati 600 ikizunguka saa nzima imekula wati-saa 600, ikizunguka nusu saa imekula 300. Betri ya volti 12 (volti ni msukumo wa umeme) yenye ampea-saa 100 (ampea ni wingi wa umeme unaopita, ukizidisha kwa saa unapata ampea-saa) ina wati-saa 1,200. Ni kuzidisha tu.

Sasa tatizo linatoka wapi? Mi naona Kiswahili chenyewe kinatutega kidogo, maana "kwa" ina kazi mbili zinazopingana. Ukisema chumba ni futi kumi kwa kumi hapo unazidisha, ukisema kilomita 60 kwa saa hapo unagawanya, na ikishakaa mbele ya neno saa sikio la kila mtu linasikia kugawanya, linasikia mwendo. Kwa hiyo "wati elfu moja kwa saa" inasikika kama kasi, wakati mtu anataka kutaja akiba. Akiba inazidishwa, kama kazi ya vibarua: watatu wakifanya siku mbili umepata siku-kazi sita, na hakuna anayesema vibarua sita kwa siku, kila mtu anajua hicho ni kitu kingine kabisa.

Na kuna jambo linalojificha hapa. Ndani ya wati muda umeshagawanywa tayari, kwa sababu wati moja ni juli moja (juli ni kipimo cha nishati) kila sekunde. Ukiongeza "kwa saa" unagawanya mara ya pili. Mtu aliyetoka kwenye injini ya petroli anazoea kusema lita kwa saa, na yuko sahihi kabisa, lita ni kilichomo kwenye tangi na lita kwa saa ndiyo injini inavyokula. Akija kwenye umeme anabeba ule ule usemi, kumbe huku mambo yamegeuka: lita imekuwa wati-saa, na lita kwa saa imekuwa wati peke yake, haihitaji kuongezewa kitu.

Majina yenyewe ni ya watu. James Watt alikuwa Mskoti wa injini za mvuke, akafa 1819 bila kuona mota ya umeme inayosukuma boti, na André-Marie Ampère alikuwa Mfaransa, akafa 1836. Ampea ilipitishwa kuwa kipimo kwenye mkutano wa umeme wa Paris mwaka 1881, na mwaka huo huo, Paris hiyo hiyo, Gustave Trouvé aliendesha boti kwenye mto Seine kwa mota ya umeme iliyofungwa kwenye usukani na inayoweza kung'olewa. Jina la wati lilipendekezwa na William Siemens 1882. Yani mota ya umeme ya kufunga nyuma ya boti ina umri mkubwa kuliko kipimo chenyewe cha wati! Huwa nafurahi sana nikikumbuka hilo.

Turudi kwenye betri, maana kosa hili lina ndugu yake: "betri ya ampea mia". Angalia stika vizuri. Ikiandikwa 100Ah, ile h ndogo mwishoni ndiyo saa, usiimeze. Rafiki yangu mmoja aliona stika imeandikwa 650A akafurahi kwamba kapata betri kubwa, kumbe zile ni ampea za kuwashia injini kwenye baridi, betri inazitoa kwa sekunde 30 tu basi. Betri za kuwashia zina sahani nyembamba za risasi ndani, ukizitumia kusukuma boti hadi chini zinakufa mapema. Unachotaka ni ile iliyotengenezwa kushushwa chaji taratibu na kupandishwa tena mara nyingi.

Hata ampea-saa peke yake haitoshi. Betri mbili za volti 12 ampea-saa 100, ukiziunga kwa mfululizo unapata volti 24 na ampea-saa 100, ukiziunga sambamba unapata volti 12 na ampea-saa 200, mwenye ampea-saa 200 anajiona ana mara mbili ya mwenzake, kumbe wote wana wati-saa 2,400 zile zile. Halafu betri ya risasi na asidi, kama ile ya gari, ukiipenda usiishushe chaji chini ya nusu, na ile 100 ya kwenye stika kwa kawaida imepimwa kwa kuitoa polepole saa 20, yani ampea 5 tu. Mota ikivuta ampea 50 hupati hata hizo ampea-saa 100. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfati (LiFePO4) inakupa karibu yote, ila hapo ndipo ampea tupu zinapokuwa na maana: ndani kuna saketi ya ulinzi yenye kikomo chake, kikiwa ampea 50 na mota ikavuta 55 ukiipa moto wote, inakata umeme.

Pia mwendo unakula kuliko watu wanavyodhani. Boti inayokata maji bila kuinuka juu yake, ukipunguza mwendo hadi nusu, umeme inaokula kila saa unashuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Ndiyo maana swali la "betri hii inakaa saa ngapi" halina jibu mpaka useme utaendesha kwa wati ngapi.

Kwa hiyo mtu akikwambia ana betri ya ampea mia, au ya wati elfu kwa saa, usimcheke, hata wauzaji wanaandika hivyo. Muulize tu taratibu: ni ampea-saa? na volti ngapi? Akishazidisha mwenyewe atasema wati-saa 1,200, bila "kwa".