Utamaduni na uchumi wa taifa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nchi fulani ni maskini kwa sababu utamaduni wao ni wa uvivu.

Kauli hii inaumiza, tena si kweli. Korea ilikuwa nchi moja, lugha moja na mila zilezile hadi ilipogawanywa mwaka 1945, na wakati huo Kaskazini ndiko kulikokuwa na viwanda vizito vingi zaidi. Leo Kusini inauzia dunia meli, magari na simu. Kaskazini ilikumbwa na njaa kali katika miaka ya 1990. Mababu ni walewale. Kilichotofautiana ni utawala, na nani anaruhusiwa kumiliki mali na kufanya biashara. Mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, nayo yalilaumiwa kwa kuidumaza China, kisha yakasifiwa Asia Mashariki ilipoinuka. Sababu inayoeleza kuanguka na kuinuka kwa pamoja haijaeleza chochote.

Dhana: Kuaminiana ni suala la maadili tu, halihusu pesa.

Karibu kila biashara ina kipindi ambacho mmoja ameshatoa na mwenzake bado. Pasipo imani, muuzaji hudai fedha taslimu, huongeza walinzi na mawakili, na humpa kazi ndugu asiyeiweza akamwacha mgeni mwenye ujuzi. Zote hizo ni gharama. Imani yenyewe hujeruhiwa na historia: mwaka 2011 wanauchumi Nathan Nunn na Leonard Wantchekon walionyesha kwamba Waafrika ambao makabila yao yaliporwa watu wengi zaidi katika biashara ya utumwa wanaaminiana kidogo zaidi hadi leo, hata na jirani.

Dhana: Udugu ukiwa na nguvu, uchumi utakua wenyewe.

Unasaidia sana mtu anapoumwa au anapofiwa. Lakini mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwamba taarifa za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa kuwa wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Undugu ukigawa zabuni na vyeo, hapo unageuka kuwa mzigo kwa taifa zima.

Dhana: Mila hazibadiliki.

Hubadilika, mara nyingi sheria ikitangulia. Nchini Ufaransa mke hakuweza kufungua akaunti ya benki kwa jina lake bila idhini ya mume hadi sheria ya mwaka 1965.