Kolesteroli ikishuka baada ya upasuaji wa moyo, dawa usiache

Upasuaji wenyewe hufanya nini?
Huchukuliwa mshipa wa mguuni au wa ndani ya kifua na kuunganishwa kwenye moyo, damu ipate njia ya kuzunguka palipoziba. Pale palipoziba hapaondolewi. Na damu ni ileile uliyokuja nayo, yenye kolesteroli, yaani mafuta, ileile.

Nimepima wiki ya pili, kolesteroli iko chini kuliko kabla. Nimepona?
Hujapona. Mwili uliotoka kwenye kisu hushusha kolesteroli kwa muda: damu imechanganyika na maji ya dripu, ini linahangaika na jeraha, na chakula chenyewe hakipiti kooni. Ukipata nguvu na kurudia supu na chapati, inapanda tena, aghalabu ndani ya miezi miwili mitatu.

Basi nipumzishe dawa kidogo?
Hapana. Mzee mmoja alinionyesha karatasi ya maabara kwa furaha, kisha akatoa bahasha ya atovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli: vidonge vya mwezi mzima, hata kimoja hakijaguswa. "Si mmeshanitengeneza?" Hapana, baba. Tumekufungulia njia, na bila dawa unaiziba tena.

Mshipa mpya nao huziba?
Huziba sana. Mishipa ya mguuni, karibu nusu huwa imeziba ikifika miaka 10. Ule wa kifuani hudumu zaidi. Kwa hiyo narudia: usiache dawa.

Kitunguu saumu na ndimu je?
Weka kwenye mboga. Badala ya kidonge, hapana.

Dawa ikiniumiza misuli?
Njoo kliniki wiki hiyohiyo. Dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, njoo siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kadi. Kuacha kimyakimya, kisha kutudanganya kwamba unameza, kunatufanya tukuongezee dawa usiyoinywa.

Nipime tena lini?
Wiki ya 6 hadi ya 12, ndipo kipimo huanza kusema kweli. Kolesteroli mbaya, LDL, tunaitaka chini ya 1.8 (kwa kipimo cha mmol/L), na madaktari wengi sasa wanataka chini ya 1.4. Ikiwa chini hivyo ujue ni kidonge kinafanya kazi, kwa hiyo endelea kumeza. Na uje na bahasha yako, vidonge vilivyobaki nitavihesabu mwenyewe.