Stika ya Kuzuia Mionzi Ndiyo Inayokula Betri Yako

Juzi amekuja mama mmoja, muuza mawese hapa Mwanga, Kigoma, kaishika simu kwa vidole viwili kama kashika panya aliyekufa. Zamani chaji ilimfikisha usiku, sasa saa sita mchana simu imezima. Nikavua kava. Chini kabisa, pale antena ilipo, kuna stika ya rangi ya dhahabu, nzito kuliko karatasi, ina michoro ya mviringo.

"Hiyo usiitoe, fundi," akaniwahi. "Inazuia mionzi. Nimeinunua elfu tano."

Ni ya nne mwaka huu. Nimechoka kueleza mteja mmoja mmoja, naandika.

Simu inaongea na mnara, na mnara ndio unaoiamuru ipaze sauti kiasi gani, yaani itume mawimbi, hiyo mnayoiita mionzi, kwa nguvu gani. Ukikusikia vizuri, unakuambia shusha. Ukikusikia kwa taabu, unakuambia paza. Simu ya 4G iliyo karibu na mnara inaweza isitumie hata sehemu moja ya elfu ya wati kutuma. Ikihangaika inapanda mpaka wati 0.2, ambayo ni mara mia mbili. Sasa wewe umebandika bati mdomoni mwake. Kama stika ni karatasi tupu, umeliwa elfu tano. Kama kweli ina chuma cha kuzuia mawimbi, sauti inafika mnarani imefifia, mnara unaamuru paza, simu inapaza, betri inaisha, na mionzi uliyokuwa unaikimbia imeongezeka. Ingezuia yote, simu isingeita.

Ndiyo maana nacheka ninaposikia mtu kahama nyumba kukimbia mnara. Kahamia bondeni, mtandao unashika kwa kubahatisha, na kila akiongea simu inapiga kelele ubavuni mwa sikio lake. Mnara uko mbali, simu iko shavuni. Kipi kiko karibu?

Halafu kuna wale wanaoingia kwenye mipangilio na kuchagua 2G peke yake, ule mtandao wa zamani, eti 4G ina mionzi mikali. Hapo ndipo damu inanichemka. Simu ya 2G kwenye masafa ya megahezi 900 inaruhusiwa kufika wati 2 inapotuma. Wati mbili! Haitumi mfululizo, ni zamu moja kati ya nane, kwa hiyo wastani wake unashuka hadi robo wati hivi. Lakini hata huo wastani hauko chini ya kilele cha 4G. Wenye umri wangu wanakumbuka: simu ikikaribia kuita, spika ya redio inaanza kukoroma ti-ti-ti, ti-ti-ti. Hiyo ilikuwa 2G ikiwaka na kuzima mara 217 kwa sekunde. Hapa mezani nina pawa saplai ya zamani yenye mshale unaoonyesha umeme unaotumika; simu ikipiga kwa 2G, mshale unacheza ngoma. Huo ndio mtandao unaouita mpole?

Upande wa betri, lakini, 2G ina haki yake, na sitaki kuwanyima. Ukiwa milimani kama Kalinzi, au kijiji cha mwambao ambako 4G inakuja na kuondoka, simu inakesha ikiruka kutoka mtandao huu kwenda ule. Ukiifunga kwenye 2G inatulia, chaji inakaa. Nimewashauri wengi hivyo, wamerudi wanashukuru. Wachache wamerudi wakisema hawaoni tofauti, na simu ni toleo lile lile. Sina sababu ya kuwapa inayoniridhisha mimi mwenyewe.

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wana swali lao, na ni zuri kuliko yote ninayoulizwa: "Fundi, kule katikati ya ziwa mistari ya mtandao ipo miwili, nikipiga haiendi. Simu mbovu?" Si mbovu. Ile mistari inakuonyesha wewe unavyousikia mnara; haikuonyeshi mnara unavyokusikia. Mnara una makumi ya wati na umesimama juu kilimani, wewe una chako hicho kidogo ndani ya mtumbwi. Juu ya maji hakuna mlima wa kuzuia, sauti yake inakufikia, yako hairudi. Tena 2G ina kikomo chake cha kawaida, kilometa 35 hivi, na hapo tatizo si nguvu, ni muda: ukiwa mbali zaidi, neno lako linafika limechelewa na kuangukia zamu ya mtu mwingine. Ziwa Tanganyika upana wake kwa wastani ni kilometa 50. Usiku kucha simu inaita mnara usioisikia, alfajiri imekufa. Gusa alama ya ndege, simu iache kutafuta mtandao, ukishapita pale mtandao unapokata. Tochi itabaki.

Laini mbili, moja haishiki kijijini kwenu? Izime hiyo. Unakwenda Kagunga mpakani? Chagua mtandao wako kwa mkono, usiiachie simu ijichagulie, la sivyo utajikuta unakatwa pesa na mtandao wa Burundi.

Na saratani. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja vinasaba. Mwanga wa kawaida wa taa una masafa ya juu kuliko hayo zaidi ya mara laki moja, na nao hauvivunji. Kinachojulikana kwa uhakika ni joto, na viwango vimewekwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la "huenda", na watu wakasoma "ndiyo". Dondoo ya jani zima la aloe vera nayo iliwekwa kundi hilo hilo, na mnaendelea kuinywa. Mwaka 2024 mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na shirika hilo hayakukuta uhusiano na saratani ya ubongo.

Mimi mwenyewe, hata hivyo, nikijua mazungumzo ni marefu naweka spika ya nje. Mke wangu ananicheka. Najibu kwamba bado hajapatikana mtu aliyeshika simu sikioni miaka sitini tukamchunguza. Kulala na simu chini ya mto nako siwezi, ila hapo naogopa betri kupata joto kwenye godoro, siyo mawimbi.

Mama wa mawese nilimbandua stika, nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Karudi, chaji inafika usiku. Kisha kadai stika yake. Anataka kuibandika kwenye simu ya mumewe, maana yule, kasema, hata mtandao ukijaa hapokei.