Je, wajua kwa nini Marekani ilipima njia za reli ya kuunganisha bahari mbili, Atlantiki na Pasifiki, kisha ikagombana zaidi?

Mwaka 1853, mtu wa New York aliyetaka kufika California alichagua tabu mojawapo: miezi kadhaa ya gari la ng'ombe, meli ya kuzunguka Rasi ya Horn, au kukatiza Panama penye homa ya manjano. Reli ilihitajika, hilo halikubishaniwa. Ubishi ulikuwa ipite wapi. Kila upande uliitaka kwake, kwa kuwa ikifika reli hufika na walowezi, na wakifika walowezi huibuka swali lililokuwa likiichoma nchi: je, eneo jipya liruhusu utumwa?

Bunge likaona bora wataalamu waamue. Machi 1853 likatenga dola 150,000, na Waziri wa Vita, Jefferson Davis, akatuma wahandisi wa jeshi. Isaac Stevens alipita kaskazini, John Gunnison katikati, Amiel Whipple kwenye latitudo ya 35, na wengine latitudo ya 32, kusini kabisa.

Kubwa lilikuwa kujua kimo cha kila pito la mlimani, kwani treni ya mvuke hushindwa na mteremko mkali. Walitumia baromita: mrija wa kioo wenye zebaki, ambayo hushuka kadiri unavyopanda, takriban milimita 1 kwa kila mita 11 karibu na usawa wa bahari. Lakini hali ya hewa ikichafuka zebaki nayo hushuka, na mlima "hurefuka" ghafla, hivyo vipimo vilirudiwa mara nyingi. Kazi ilikuwa ya hatari pia. Oktoba 1853 Gunnison na wenzake saba waliuawa na Wapahvant, wenyeji wa asili, huko Utah. Whipple alirudi salama, ila hesabu zake zilikosewa: gharama iliandikwa dola milioni 169, kumbe ilikuwa kama milioni 94.

Jibu halikumpendeza mtu, maana njia zaidi ya moja zilipitika. Davis, mmiliki wa watumwa kutoka Mississippi, akasema ya kusini ndiyo bora. Nani angemwamini? Tena mwaka 1854 serikali ilikuwa imeinunua ardhi ya Meksiko kwa dola milioni 10 ili njia hiyohiyo ipate pa kupita.

Mkwamo Bungeni ulivunjika pale majimbo ya Kusini yalipojitenga mwaka 1861 na wabunge wao wakaondoka. Julai 1862 Rais Lincoln akatia saini sheria ya reli ya katikati. Pito lake kwenye milima ya Sierra Nevada, California, halikutoka kwa wanajeshi. Mhandisi Theodore Judah alilichagua mwaka 1860, akielekezwa na mwuza dawa wa Dutch Flat, Daniel Strong. Reli iliunganishwa Utah tarehe 10 Mei 1869.

Kufikia 1883 treni zilikuwa zikipita pia kaskazini, karibu na latitudo ya 35, na kusini. Davis alifariki mwaka 1889, reli yake ya kusini akiwa ameiona.